Mzee Gramu Achagua Baiskeli

Mkaguzi wa mizani hakuwahi kuamini uzito unaotajwa na mwenye mali, na hakuanza siku ile. Muuza baiskeli alipomwambia kwamba ile nyeusi ina kilo ishirini na tano na ile ya kijani ishirini na moja, alifungua mkoba, akatoa mizani yake ya ndoano, akaitundika kwenye boriti ya duka bila kuomba ruhusa ya mtu, kisha akaanza kuzipima moja moja. Wenye maduka sokoni hawakumpa jina la Mzee Gramu bure.

"Baba, watu wanatuangalia," binti yake alisema.

"Waache waangalie. Macho hayana pazia."

Nyeusi ilikuwa na kilo ishirini na saba. Muuzaji, mama mmoja aliyepakaa mafuta ya mnyororo hadi kwenye viwiko, alicheka akasema labda kiwandani walisahau kupima betri. Mzee aliandika kwenye daftari lake na kupiga mstari chini, tena mara mbili.

Tuseme ukweli, baiskeli zote mbili zilikuwa nzuri. Zote za umeme, zote za njia za milimani, zenye springi mbele na si nyuma, na bei zao zilikaribiana. Nyeusi, mota yake ilikaa ndani ya gurudumu la nyuma. Ilikuja na keria, taa kubwa na siti pana ya kumbembeleza mtu. Ya kijani, mota ilikaa katikati, pale penye pedeli, ikifuata nguvu ya mguu na kuongezea pale unapopungukiwa. Haikuwa na keria wala mapambo. Kwa kwenda kazini na mawe yake ya kukagulia mizani, nyeusi ilimfaa. Kwa kupanda kilima, muuzaji alisema bila kumumunya maneno, achukue ya kijani.

Na shida yenyewe ilikuwa kilima.

Kwa miaka kumi na moja baba na binti walipanda pamoja kila Jumapili njia ya msituni juu ya mji, kwa baiskeli za kawaida, wakitaniana kwenye kila kona. Miaka miwili iliyopita, karibu na kilele, baba alishuka, akasema amechoka kidogo, akaanguka. Binti ni muuguzi. Alimkandamiza kifua kwa dakika ambazo mpaka leo hataki kuzihesabu. Moyo ukarudi, ukafanyiwa upasuaji, ukapona. Sasa daktari amesema mzee anaweza kupanda tena, hata kilimani, mradi mota imsaidie na asijichoshe kupita kiasi. Baba alishangilia. Binti hakushangilia, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu baba aanguke, hakuikanyaga tena ile njia wala kuitaja. Baba alikuwa na hamu ya kilima, lakini hamu ya kuwa huko na binti yake ilikuwa kubwa zaidi.

"Chukua nyeusi," binti alisema. "Kazini na kurudi. Barabara ya lami, watu wapo, hospitali ipo."

"Na mchonga majeneza yupo, njiani kabisa."

"Baba!"

"Haya, haya, nimekoma. Tupime."

Mzee alikuwa na desturi ya kazi. Mizani haipitishwi kwa pimo moja. Hupimwa mara tatu, mwenyewe akiwa amesimama pale pale, na kinachoandikwa ni kilichoonekana, si kilichotarajiwa. Nyuma ya duka palikuwa na mwinuko mkali wa changarawe. Akasema ataupanda mara tatu kwa kila baiskeli, akipumzika katikati, na binti asimame kule juu na saa yake, amshike mkono kila akifika na kuhesabu mapigo ya moyo. Muuzaji alivuta kreti akaketi. Alikuwa ameuza baiskeli miaka mingi, lakini mteja wa aina hii hakuwahi kumpata.

Nyeusi ilitangulia. Ilianza kwa mbwembwe, ikalegea katikati ya mwinuko, mzee akamalizia kwa nguvu za miguu yake. Mapigo yalikuwa mia na ishirini na sita. Mara ya pili mia na thelathini na moja, na mota ilikuwa ya moto. Mara ya tatu alishuka katikati akaikokota, akasema hilo nalo ni jibu.

Ya kijani ilipanda polepole, bila kelele. Mia na saba. Mia na tisa. Mia na nane. Hiyo ya mwisho binti aliihesabu mara mbili, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vinatetemeka juu ya mshipa wa baba yake.

Baba aliviona vile vidole. Aliandika tarakimu, akafunga daftari, akateremka kwa muuzaji bila kumtazama binti yake usoni.

"Nichukulie nyeusi."

"Mzee wangu, si umepanda mwenyewe ukaona?"

"Nimeona. Nichukulie nyeusi. Itabeba mawe yangu."

Binti alipaswa kufurahi. Ndilo alilolitaka tangu asubuhi. Badala yake alilichukua daftari mkononi mwa baba yake, akasoma tarakimu alizozitamka mwenyewe, akazisoma tena.

"Baba, muuza nyama akikuomba umpitishie mizani mbovu kwa sababu ana watoto, huwa unamwambiaje?"

"Unajua ninavyomwambia."

"Niambie."

"Namwambia ukaguzi hauna huruma."

"Basi mbona leo unapitisha kwa huruma? Unanihurumia mimi." Akalifunga daftari. "Naogopa, baba. Kila Jumapili nikifumbua macho nakuona umelala kwenye yale majani. Naogopa sana. Lakini woga wangu si ugonjwa wako."

Mzee Gramu alimshika bega.

"Mimi pia naogopa," alisema. "Hata sasa hivi, pale juu. Nilikuwa nakisikiliza kifua badala ya kutazama njia."

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia."

Muuzaji alijifanya anatafuta spana.

"Ya kijani inafungwa keria," alisema akiwa amewapa mgongo. "Matundu ya skrubu yapo, ni dakika kumi tu. Mzee umepima kila kitu ila kuuliza hukuuliza, na kuuliza si ujinga."

Mzee aliinama, akayaona matundu, akajikuna kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile binti yake alicheka, tena kwa sauti.

"Basi ya kijani," alisema. Yeye, si baba.

Muuzaji alipoingia stoo kutafuta keria, binti aliivuta ile nyeusi, akazima mota, akaanza kuupanda mwinuko. Hakuwa amekalia baiskeli kwa miaka miwili. Usukani uliyumba, changarawe ikamrukia miguuni, akakaribia kuanguka, akajishika. Katikati aliweka mguu chini, akageuka huku akihema.

"Baba, unangoja nini? Unadhani Jumapili nitapanda peke yangu?"

Mzee aliipanda ya kijani, akamfuata. Alipomfikia hakumpita, ingawa mota ingeweza.