Tangi Lililokosa Pumzi

Mwambire hakuwa na gereji. Hakuwa na jeki ila ya kuazima, wala taa ya kumulikia chini ya gari, wala cheti cha ufundi cha kutundika ukutani. Miwani hakuwa nayo. Alisoma kwa ya mkewe, Nyevu, na mkewe akiihitaji, kusoma kulisimama. Land Rover yake, kongwe kama ndoa yake, haikuwa na geji ya mafuta inayosema kweli. Na tangu barua ya kaka yake ifike kutoka Marafa, hakuwa hata na muda.

Kaka yake, Kombe, hakuwa mtu wa simu. Masikio yake yalikuwa yamekwisha, na maandishi ya simu aliyaona kama sisimizi. Kwa hiyo wazee hawa wawili waliandikiana barua kwa herufi kubwa, na Musembi, mwenye duka Marafa, alizibeba kila alipokwenda Malindi kununua bidhaa.

"Ndugu yangu," Kombe alikuwa ameandika, "mara mbili nimevaa suti nikakaa kando ya barabara na begi langu, na mara mbili nimerudi ndani watu wakinicheka. Gari tulinunua pamoja, na hati zake zina jina langu. Likifika mlangoni kwangu kabla ya Pasaka, nitapanda nije kwenu Dabaso. Lisipofika, nawauzia watu wa vyuma chakavu. Wala usije na gari la mtu. Sitapanda."

Mwambire alimjua kaka yake. Kombe hakuwa akitisha bure.

Wanaojua magari watanivumilia nikieleza kidogo, kwa sababu wasiojua ni wengi zaidi. Land Rover ile ilizaliwa na kabureta, kile chombo cha zamani kinachochanganya petroli na hewa. Kabureta ilipochakaa na vipuri vikakosekana, Mwambire alipata katika gari la Kijapani lililogongwa mfumo wa kisasa, wenye injekta zinazopuliza petroli ndani ya injini, na pampu ya umeme ya kuisukuma. Pampu hiyo hutoa petroli nyingi kuliko injini inavyohitaji, na ile inayobaki hurudi kwenye tangi kwa njia yake yenyewe. Alifunga yote hayo mwenyewe, kitabu kikiwa wazi juu ya madigadi. Alipowasha na injini ikaitika, Nyevu alitoka jikoni akapiga vigelegele.

Gari lilimpeleka Gede, likampeleka Watamu, likabeba nazi na kuni bila kukohoa. Lakini mara zote mbili alizoelekea Marafa, lilizima baada ya kuvuka daraja la Sabaki. Alilala chini yake akakagua kila waya. Baada ya kupumzika sana liliwaka, likaenda kidogo, likafa tena, naye akarudi nyumbani kwa aibu.

"Bado unamwombea marehemu?" Sauti hiyo ilikuwa ya Ochola, jirani yake, aliyetumikia injini za mashua za watalii Watamu mpaka alipostaafu.

"Namchunguza," Mwambire alijibu kutoka chini ya gari.

"Ni pampu hiyo, omera, ndugu yangu. Ulichukua pampu ya gari lililoua mtu."

"Halikuua mtu. Liligonga ng'ombe. Na pampu ikiwa mbovu, mbona sokoni inanipeleka?"

"Basi inaogopa daraja."

"Daraja la Malindi, hapo kwa kuingilia mjini, mbona haiogopi?"

"Hapo Malindi hakuna daraja, mzee."

"Ndiyo maana haiogopi," alisema Mwambire, na Ochola akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini swali lilimng'ang'ania. Gari lilelile, petroli ya kituo kilekile. Kwa nini liwe zima karibu na life mbali? Jioni, wakila, alimuuliza Nyevu, si kwa kutaka jibu bali kwa kuchoka kujiuliza peke yake.

"Mama Kadzo, mimi nikienda sokoni na mimi nikienda Marafa, tofauti ni nini?"

"Ukienda Marafa unavaa viatu," alisema Nyevu. "Unajaza tangi mpaka shingoni, kana kwamba Kombe anaishi Ethiopia. Unaendesha hutaki kusimama hata mtu akibanwa na mkojo. Na huchekicheki. Ukienda sokoni unasimama kila penye mtu, unachomeka kile kijiti chako tangini, unapiga soga."

Mwambire alicheka. Kisha akaacha kula, mkono ukabaki katikati ya sahani na mdomo.

"Nimekukosea?" Nyevu aliuliza.

"Hapana. Kijiti."

Kwa kuwa geji ilikufa, Mwambire alipima mafuta kwa kijiti cha mkoko kilichonyooka. Kwenye safari fupi, tangi likiwa na mafuta kidogo, alifungua kifuniko kila mara aone yamebaki mangapi. Akienda Marafa alijaza, akafunga, asiguse tena. Hakujua bado jambo hilo lina maana gani, ila alijua ni tofauti ya kweli, na viatu havikuwa.

Hakumwandikia Kombe. Hakutaka mzee avae suti mara ya tatu bure. Asubuhi alijaza tangi Gede, akamchukua Ochola, wakapita Malindi, wakavuka Sabaki na kushika barabara ya Marafa. Hawakufika mbali. Pampu, iliyokuwa ikinguruma polepole chini ya kiti, ilianza kulia kwa sauti nyembamba, injini ikakohoa, gari likasimama.

Ochola alikwisha kufungua boneti. Mwambire alikwenda ubavuni, kwenye mdomo wa tangi lililokuwa chini ya kiti cha abiria, kijiti mkononi. Alipozungusha kifuniko, tangi lilivuta pumzi. Lilivuta kwa nguvu na kwa muda mrefu, kama mtu aliyezamishwa majini akaachiwa.

Wazee wawili walitazamana.

"Umesikia?" Mwambire alinong'ona.

"Nimesikia. Rudia."

"Halirudii, limeshashiba. Washa."

Injini iliwaka kwa mguso mmoja. Walifunga kifuniko, wakaenda, likafa; wakafungua, likavuta pumzi; likawaka. Walirudia tena, si kwa haja bali kwa raha, na mwanamke aliyepita na punda wake alisimama kutazama wazee waliokuwa wakibishana nani afungue safari hii.

"Ni kama kopo la maziwa," alisema Mwambire. "Ukilitoboa tundu moja tu, maziwa yanagoma. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Hapa haiingii. Pampu inanyonya mpaka inashindwa."

"Na ukijaza mpaka shingoni," Ochola aliongeza taratibu, "hewa iliyomo ni kidogo. Inaishiwa upesi."

"Na nikipima kwa kijiti, nalipatia pumzi bila kujua!"

Waliweka kifuniko juujuu bila kukikaza, wakaendelea. Gari halikuzima. Walipita Magarini, wakapanda, mpaka wakaanza kuona ardhi nyekundu ya Marafa na bati la duka la Musembi. Kutoka hapo nyumba ya Kombe ilikuwa karibu. Lakini petroli ilikuwa ikiruka kwenye kila shimo, suruali ya Ochola imelowa, na harufu imejaa ndani.

"Twende basi, tumchukue," alisema Ochola.

Mwambire alisimamisha gari. 

"Kombe anavuta sigara," alisema.

"Mwambie asivute."

"Hasikii. Na akisikia, ndiyo kwanza atawasha. Nimkalishe juu ya tangi lililo wazi? Hapana, jirani. Tugeuze."

Akageuza. Ochola anasema halikuwa jambo jepesi.

Nyumbani aliketi na kifuniko mapajani, amevaa miwani ya Nyevu. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kigumu kwa uzee, kikiwa bado na kiraka. Aliutambua mkato wake. Kombe alikikata mwenyewe zamani, walipokuwa wakibeba korosho, ili vumbi lisiingie na petroli isimwagike. Kilikuwa kimeziba tundu dogo la kifuniko kabisa.

Alifurahi sana. Alichukua karatasi papo hapo akaandika, "Kaka, gari halikuwa na kosa. Kosa ni mpira wako."

Nyevu alikuja kudai miwani yake, akasoma kwanza.

"Na zamani lilikuwa likipumua wapi, kama mpira ulikuwepo siku zote?"

Mwambire aliweka kalamu chini. Akatoka nje, akaingia chini ya gari. Juu ya tangi palikuwa na kibomba chembamba ambacho watengenezaji walikiweka kwa kazi hiyo moja, tangi lipumue. Naye alipokuwa akifunga injekta, alitafuta mahali pa kurudishia petroli inayobaki, akakuta kibomba hicho hakina kazi aijuayo, akakitumia. Kombe alifunga dirisha; yeye alifunga mlango.

Alirudi ndani akaichana karatasi.

Kazi iliyofuata aliifanya bila haraka. Tangi lilitolewa, likaoshwa mara nyingi, likajazwa maji ili lisibaki na mvuke wa kulipuka, ndipo likatobolewa tundu jipya juu. Humo alifunga bomba lililopanda nyuma ya kiti mpaka karibu na paa, likapinda, likashuka na kutokea nje, chini ya bodi, mbali na pua na sigara za watu. Katikati aliweka vali ndogo kutoka kwenye lile gari la Kijapani, ya kuzuia petroli isimwagike gari likilala ubavu. Kwenye ncha ya bomba alifunga wavu mwembamba wa waya, kwa kuwa nyigu wa Dabaso hawaachi tundu bila kujenga. Mwisho alikata mpira mpya wa kifuniko, kwa kipimo kilekile cha Kombe. Sasa kifuniko kilitakiwa kuziba.

Alijaza tangi, akaenda peke yake mpaka ng'ambo ya Sabaki, akapita mahali pa aibu bila kupunguza mwendo, akageuza Magarini. Aliporudi alifungua kifuniko, akaweka sikio. Kimya.

"Basi ungefika moja kwa moja," Ochola alilalamika.

"Mtu anataka kujua siku, anyoe ndevu, apige suti pasi."

Usiku haukuwa umeingia bado alipoketi kuandika, kwa herufi kubwa:

"Kaka yangu Kombe, shikamoo. Gari lilikosa hewa. Wewe uliziba kifuniko, mimi nikaziba bomba la kupumulia, na kosa lako lisingedhuru bila langu. Nimelifungulia njia nyingine. Mpira wako ulikuwa kipimo sawasawa. Nimekata mwingine kwa kuufuata, na wa zamani nakurudishia humu uuone. Jumamosi asubuhi, kabla ya Pasaka, kaa ndani, usikae barabarani. Nitakuja mpaka mlangoni. Sigara utavuta tukifika. Mdogo wako, Mwambire."

Aliukunja mpira ndani ya karatasi. Gundi ya bahasha ilikuwa imekwisha kwa unyevu wa pwani, kwa hiyo Nyevu alimletea uji mzito kwenye kijiko. Akapaka, akakandamiza kwa kiganja, akaiweka chini ya Biblia mpaka ikakauka. Kesho yake aliipeleka Malindi kwa Land Rover, akamkuta Musembi akipakia unga.

"Humu kuna nini, mzee? Imevimba."

"Mpira. Mpe mkononi mwake."

Musembi aliitia bahasha mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.