Paja la Babu Taisto

Mwalimu Raili Tuomaala hakuamini masomo marefu. "Ubongo ni kama tumbo," alikuwa akisema. "Ukiulisha sinia zima kwa mkupuo, utatapika." Kwa hiyo pale chuoni, mjini Raahe, wanafunzi walikofundishwa kuhudumia wazee na wagonjwa, kila kiungo kilipewa robo saa yake: leo ini, kesho kongosho, kesho kutwa wengu, maskini wengu, ambao hata hiyo robo saa haukuijaza.

Venla Isokangas alikuwa na kichwa chepesi kushika na chepesi zaidi kusahau. Dawa yake ilikuwa babu yake. Kila jioni akitoka chuoni alipita kwa Taisto, mchomeleaji mstaafu wa kiwanda cha chuma, akamkalisha jikoni na kumrudishia somo la siku juu ya mwili wake mwenyewe, akimpapasa kama anayetafuta funguo.

"Wengu uko hapa, chini ya mbavu."

"Unafanya kazi gani?"

"Unavunjavunja chembe za damu zilizozeeka."

"Mbona mimi mzee huo wengu umenisahau?" Taisto akacheka, akatupa mdomoni pipi nyeusi ya chumvi.

Pipi hizo ndizo zilizomtoa kwenye sigara. Alikuwa na pipi shavuni tangu kahawa ya asubuhi mpaka anapovua soksi, na aliyemletea mifuko ni Venla, mjukuu mwema, aliyejisifu kwamba ameokoa mapafu ya mtu.

Tangu majira ya vuli, lakini, miguu ya Taisto ilianza kumgomea. Kuinuka kitini kukawa kazi ya kushika meza, kuguna na kutukana. Watu wote walisema ni uzee. Manispaa nayo ikasikia. Ijumaa angekuja mama mmoja kumkagua: akiweza kuinuka bila kushika kitu, abaki nyumbani kwake, mhudumu awe anapita asubuhi. Akishindwa, kituo cha wazee. Nyumba ile Taisto aliijenga kwa mikono yake, ubao kwa ubao, na alishasema atatoka humo maiti, amebebwa miguu ikiwa imetangulia.

Jumanne, Mwalimu Raili alifika kwenye tezi zinazokaa juu ya figo kama kofia.

"Tezi hizi hutoa homoni inayoiamuru figo: shika chumvi, tupa potasiamu," alisema. "Kuna homoni nyingine inayofanana nayo, ila figo ina kimeng'enya cha kuifukuza mlangoni. Sasa, ule mzizi mtamu wa kwenye pipi zenu nyeusi humlevya bawabu huyo. Figo inapata amri zisizokwisha. Chumvi inajaa mwilini na kuvuta maji, potasiamu inakwenda chooni. Na msuli bila potasiamu ni kamba iliyolowa. Haya, nani ana babu anayetafuna pipi nyeusi kama ng'ombe anayecheua?"

Darasa zima likacheka na kunyoosha mikono. Venla naye alicheka, akanyoosha. Wenzake waliposhusha, wake ulibaki juu.

"Unalo swali, Venla?"

"Moyo," alisema. "Si nao ni msuli?"

"Nao ni msuli," mwalimu akajibu.

Jioni ile hakumpapasa babu kwa mzaha. Alimbonyeza muundi kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Babu, huu si uzee. Ni pipi. Vaa koti twende tukapime damu sasa hivi."

Taisto alimsikiliza mpaka mwisho, figo, bawabu na yote. Kisha akasema, "Nitakwenda. Jumamosi."

"Leo."

"Nikiingia hospitali kabla ya Ijumaa wataandika: mzee kaletwa na mjukuu, miguu haimbebi. Sitalala tena humu. Acha huyo mama aje, nisimame mbele yake, anywe kahawa yake aende. Baada ya hapo nitawapa damu ya ndoo nzima."

"Na moyo ukikataa?"

"Wangu haujawahi kukataa zamu." Akatazama dirishani. "Venla, nakuomba."

Hapo ndipo babu alipomshika. Taisto alikuwa mtu wa kizamani, mtu wa kutembea na mguu uliovunjika mpaka nyumbani ili asimsumbue jirani kwa kumwazima baiskeli. Katika maisha yake yote Venla hakuwahi kumsikia akimwomba mtu hata chumvi mezani. Aliona angekataa angemvunjia kitu kisichoungika. Basi akatupa pipi zote kwenye jiko la kuni, zikanuka vibaya, akamchemshia sufuria la viazi na kumpangia ndizi mezani, vyakula vya potasiamu. Alikuwa na somo la robo saa kichwani, na kwa siku mbili alijiona daktari.

Alhamisi Taisto aliinuka mara moja bila kushika. "Umeona, daktari wa mchongo?" Venla akapiga makofi.

Ijumaa aliomba ruhusa chuoni ili amwahi mgeni. Mgeni aliwahi zaidi. Venla alipokata kona aliona gari la wagonjwa limesimama kwenye theluji, na mama wa manispaa nje, hana hata glavu, akilia. Alikuwa amebisha, asijibiwe, akachungulia dirishani. Taisto alikuwa sakafuni kando ya kiti. Mezani kulikuwa na vikombe viwili na kahawa bado inatoa moshi. Alikuwa akijizoeza kusimama.

Hospitalini daktari, kijana tu, alisema moyo ulikuwa umeanza kuruka mapigo, ndipo mzee akaanguka, ndipo nyonga ikavunjika. Potasiamu ilikuwa chini kabisa.

"Anakula pipi nyeusi?"

"Alikuwa anakula."

"Mmejua lini kwamba zinamdhuru?"

"Nimejua mimi. Jumanne."

Daktari aliandika. Angemkemea ingekuwa nafuu.

Potasiamu ilirudi kwa dripu, tone kwa tone. Misuli ya paja ikapata nguvu zake zote, ikakuta mfupa uliofungwa chuma na usiotaka tena kubeba. Taisto akapelekwa kituo cha wazee, chumba chenye dirisha linalotazama maegesho.

Januari baridi ilikaza, na nyumba isiyo na mtu lazima imwagwe maji, la sivyo yatagandia ndani na kupasua mabomba. Venla alikwenda peke yake. Taisto alimwelekeza kwa simu kutoka kitandani.

"Umezima pampu?"

"Nimezima."

"Shuka chini ya sakafu, fungua koki ya pembeni. Ile ngumu. Ipige na nyundo, usiionee huruma."

Koki ikalegea, maji yakaanza kutoka kwa kishindo.

"Sasa fungua mabomba yote ya juu, uyaache wazi."

Alifungua la bafuni, la sauna, akamalizia la jikoni. Likakoroma, likatema hewa. Venla alisimama karibu na kile kiti, simu sikioni.

"Babu," alisema, "ile Jumanne, mimi ningeku..."

"Usiongee," Taisto akasema. "Sikiliza kama maji yameisha."

Akasikiliza. Chini ya sakafu yalikuwa bado yanatiririka, kidogo kidogo.

"Bado," alisema.

"Basi subiri," babu akasema, wala hakukata simu.