Ukurasa Ambao Taisto Hakuufungua

Miaka ishirini na minne Taisto Vanhatalo hakuwahi kufungua ukurasa wa noti za muziki kwa mkono wake. Msimshangae. Kwenye okestra wapiga chelo, zile fidla kubwa za kupakatwa kati ya magoti, hukaa wawili wawili mbele ya kisimamio kimoja cha noti. Aliyekaa upande wa ndani ndiye huacha kupiga kidogo afungue ukurasa, huku mkubwa wake wa upande wa nje akiendelea kana kwamba karatasi hujigeuza zenyewe. Taisto alikuwa kiongozi wa chelo wa okestra ya mkoa pale Lehtokoski, mji wa nchi za theluji, basi yeye ndiye wa nje. Wa ndani alikuwa Orvokki Hiltunen.

Korona ilipoingia, ukumbi ukafungwa. Okestra ikatangaza msimu mzima wa matamasha ya mtandaoni, mubashara, kila Alhamisi saa moja jioni. Wanamuziki wakatenganishwa mita mbili mbili, kila mmoja na kisimamio chake. Taisto alikipenda chake. Kilikuwa kipya.

Alhamisi ya kwanza wakafika kwenye sehemu ya polepole, ile yenye solo ya chelo, ambayo kiongozi huipiga peke yake. Solo yenyewe ilianzia juu ya ukurasa wa pili. Taisto akapiga mpaka mwisho wa ukurasa wa kwanza, akainua upinde, akasubiri, kama mtu anayesubiri kuongezewa kahawa. Ukurasa haukufunguka. Akageuza macho upande wa Orvokki, na macho yao yakakutana, na hapo ndipo alipokumbuka. Akaurukia ukurasa kwa vidole vilivyolowa jasho, zikafunguka kurasa mbili kwa mpigo.

Na solo ikaanza bila yeye. Orvokki hakuwa na noti zile kwenye karatasi yake, lakini alikuwa amezisikia pembeni ya sikio lake miaka yote hiyo. Alizichukua pale pale zilipoanguka, akazibeba dakika nzima mpaka mwisho. Kamera, kwa bahati ya Taisto, muda wote huo ilikuwa inaonyesha mikono ya mpiga kinubi.

Walipomaliza hakukuwa na makofi, maana hakukuwa na mtu wa kuyapiga. Taisto alijua analopaswa kusema. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, asante.

"Kurasa hizi zinanata," akasema.

"Zinanata," akajibu Orvokki, akafunga sanduku la chelo yake.

Wapiga chelo wengine wawili waliona kila kitu. Wakavaa makoti yao, wakasema wataonana kesho.

Sasa, okestra ile ilikuwa na utaratibu wake. Baada ya kila tamasha mwanamuziki mmoja alibaki ofisini kuwajibu wasikilizaji walioandika maoni, ili watu wasijione wametupwa majumbani mwao. Usiku ule zamu ilikuwa ya Taisto. Akakaa mbele ya kompyuta, na sifa zikamwangukia. *Taisto, umeniliza. Taisto, chelo yako haijawahi kuimba hivi.* Akajibu asante. Akajibu asante tena. Alijua sifa hizo si zake, lakini alizidi kuandika asante, na nisiwafiche, kuna moja ambayo aliifurahia.

Kisha akakuta maneno ya Impi Hiltunen. Impi alikuwa mama yake Orvokki, mwenye miaka tisini na moja, anayekaa nyumba ya wazee karibu na kituo cha mabasi. Tangu korona iingie hakuruhusiwa kutembelewa ila kwa kupitia dirishani. Taisto alimjua vizuri. Kabla ya haya yote hakuna tamasha alilokosa, na vitumbua vyake vya wali Taisto alivila kwa miaka. Impi aliandika: *Yule si Taisto. Ile solo kapiga Orvokki wangu. Anaipandia noti ya juu kutoka chini, kama mtu anayejaribu joto la mvuke wa sauna kwa mguu mmoja. Nimemsikia jikoni kwangu toka ana miaka tisa.*

Chini yake watu walishaanza kuchangia. *Bibi, yule ni kiongozi wao.* *Bibi, vaa miwani.* Vikatuni vya kucheka vilikuwa vinane.

Taisto akayasoma yote. Angeweza kuandika sentensi moja. Badala yake aliandika hii: *Mpendwa Impi, asante kwa kusikiliza. Solo hiyo nimepiga mimi. Ubaki na afya njema. Taisto.* Akabonyeza, akazima taa, akarudi nyumbani na uso wa moto kwenye baridi ya nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.

Wiki zilizofuata alijitia hamnazo. Nyumbani alifanya mazoezi ya kufungua kurasa, mzee mzima, mbele ya kioo cha bafuni. Kazini alishindwa kumtazama Orvokki usoni, aliitazama mikono yake tu. Kila Alhamisi alijiambia leo nitasema. Kila Alhamisi kamera zikawashwa, zikazimwa, naye akaondoka na neno lake mfukoni. Aliona aibu, ndiyo, lakini aibu yenyewe ilikuwa ya kivivu, ya mtu anayengoja isahaulike.

Mwisho wa Novemba, wakati wa mapumziko, kila mtu akinywa kahawa ya chupa yake kwenye kona yake, Taisto akajikaza.

"Mama hajambo?"

"Wanamhamisha Jumatatu," Orvokki akasema. "Wanampeleka upande wa waliopoteza kumbukumbu. Huko milango inafungwa kwa nje, na simu hawaachiwi, wala hivi vikompyuta. Matamasha ndiyo basi tena."

"Impi? Si yule anayejua namba za simu za mji mzima?"

"Huyo huyo. Kuna jambo moja amelishikilia. Kila Alhamisi anawaambia manesi kuwa ile solo ya tamasha la kwanza nilipiga mimi. Nesi wa jioni akamwonyesha jibu lako. Mama akasema basi Taisto ni mwongo. Akapiga meza. Wakaandika kwenye faili kwamba anaona vitu visivyokuwepo, tena na hasira juu."

Taisto akaweka chini chupa yake. "Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakaniambia ni vizuri ninavyompenda mama yangu."

"Kwa nini basi hukuniambia mimi?"

Orvokki alifunga kifuniko cha chupa yake taratibu. "Nikuambie nini, Taisto? Si ulikuwepo?"

Jioni ile Taisto alifanya jambo alilodhani ni la kutengeneza. Aliingia mtandaoni akalifuta lile jibu lake. Akajiona ametua mzigo. Alilala vizuri, na hilo pia baadaye lilimwaibisha.

Jumamosi alasiri Orvokki akapiga simu. Kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kumpigia.

"Umelifuta?"

"Nimelifuta. Nilifikiri..."

"Leo mama alimwita nesi wa mchana amwonyeshe uongo wako. Wakatafuta wote wawili, hakuna kitu. Nesi ameandika kwamba sasa anabuni mpaka majibu. Hivi unanichukia, au ni ujinga tu?"

"Ni ujinga," Taisto akasema. "Na woga."

"Haya. Kesho saa saba mchana nakwenda dirishani kwake. Usipokuja, usinisemeshe tena. Visimamio tunavyo viwili, hutanihitaji."

Alikuja. Theluji ilikuwa ya magotini chini ya lile dirisha, na Orvokki alikuwa ameshakanyaga njia. Nyuma ya kioo Impi alikaa kwenye kiti cha magurudumu, na kisanduku cha vitu vyake kimefungwa tayari kitandani. Pembeni yake alisimama nesi aitwaye Heljä, barakoa usoni, simu mkononi imewekwa kwenye spika. Wazee wengine watatu walikuwa wamejisogeza kutoka ukumbini, maana Jumapili pale haina mambo.

Taisto akavua kofia. Akatamani theluji imfukie mpaka utosini.

"Impi," akasema kwenye simu, "nimekuja kukuambia kuhusu ile solo."

"Sema kwa nguvu! Simu hii mbovu."

"Ile solo! Sikupiga mimi!"

"Eeeh?" Impi akashika sikio. Alikuwa anasikia vizuri kabisa. Orvokki alitazama viatu vyake, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

"Sikupiga mimi!" Taisto akapaza sauti mpaka mbwa akabweka upande wa pili wa barabara. "Nilisahau kufungua ukurasa! Sijawahi kufungua hata mmoja, alikuwa ananifungulia Orvokki! Solo akaipiga yeye, kwa kichwa, bila noti! Halafu ukaandika ukweli, na mimi nikakujibu uongo, na nilikuwa najua ni wewe!"

Mzee mmoja nyuma ya kioo akamuuliza mwenzake, "Kasahau nini?" Mwenzake akajibu, "Ukurasa. Kasahau ukurasa." Wakacheka mpaka wakakohoa. Taisto alisimama pale kichwa wazi, masikio yakiwaka moto, akawaacha wacheke.

Impi hakucheka.

"Vitumbua vyangu umekula vingapi, baba?"

"Sijui, Impi. Vingi."

"Na ukaniacha niitwe kichaa."

"Nilikuacha."

"Hata binti yangu nusura nimtilie shaka. Usiku nilikuwa nalala nasema, labda kweli, labda hata mkono wake siutambui tena." Sauti yake ikapungua, ikabidi Heljä amsogezee simu. "Hilo ndilo uliloniibia. Sio solo."

Taisto alitaka kuomba msamaha, akaona neno lenyewe dogo mno, akalisema hivyo hivyo.

Impi akamgeukia nesi. "Heljä, mwanangu. Lete faili langu."

"Bibi Impi, faili ni la ofisi, na leo..."

"Mliandika siku ya Alhamisi mkaandika siku ya Jumamosi. Hata Jumapili kalamu inaandika. Lete."

Heljä akaenda. Alirudi na faili pamoja na kalamu, akakaa ukingoni mwa kitanda, karibu na kile kisanduku. Aliushusha uso, kwa kuwa yeye ndiye nesi wa mchana aliyelikosa jibu la Taisto mtandaoni akaandika kwamba Impi anabuni.

"Jina kamili?" akauliza kwenye simu.

"Taisto Vanhatalo."

"Kazi?"

"Kiongozi wa chelo."

"Sasa andika aliyoyasema, neno kwa neno," Impi akasema. "Na wewe baba, yarudie polepole. Anaandika kwa mkono."

Taisto akaanza upya tangu ukurasa wa kwanza. Alipofika pale alipoinua upinde akasubiri, Orvokki alisogea hatua moja kwenye theluji, akamshikia kofia yake.