Kiti cha Cayetano Rueda

Jumatano wastaafu huingia bure, ndiyo maana Trinidad Rueda aliingoja Jumatano. Alivaa viatu vya kanisani, akatia kipepeo cha kujipepea mkobani, akakipanda kilima cha Alcorín akipumzika kila penye kivuli hadi kwenye dirisha la tiketi la ngome. Nicasio, mtoto wa jirani yake, alimkatia tiketi bila kuangalia kitambulisho. Alimwambia kwamba baba yake Trini yuko ukuta wa mashariki, na kwamba hutoka jua likipunguza ukali.

"Wenzako wote wameshakuja kuwaona watu wao," alisema. "Umebaki wewe tu, bi Trini."

Trini alijibu kwamba yaliyochelewa ni magoti, si yeye.

Ngome yenyewe aliijua tangu ikiwa msingi. Mfamasia mmoja, don Leopoldo, aliyempenda Kolombo kuliko alivyompenda mkewe, aliijenga kwa heshima ya safari za baharia huyo kwenda Amerika. Kuna merikebu tatu za mawe zilizokwama kilimani, minara isiyofanana hata miwili, na kikanisa kidogo hivi kwamba padri akiingia muumini hana budi kutoka. Mafundi walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa Gaspar, mume wa Trini. Mchanga waliutoa korongoni, mahali ambapo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe watu walipangwa mstari, wakapigwa risasi na kumwagiwa chokaa. Alcorín nzima ilijua. Lakini jambo lile halikuwa likisemwa, hata jikoni, hata madirisha yakiwa yamefungwa. Malori yalipoanza kupakia, kila mtu alimngoja mwenzake aseme. Gaspar naye akauchekecha mchanga, akaukoroga na saruji, akajenga. Alikufa na siri yake tumboni.

Cayetano Rueda alitoka ukutani saa ile ambayo watu wa Alcorín hutoa viti nje ya milango yao kupunga upepo. Alikuwa na kiti chake cha kamba, na wenzake walikuwa na vyao. Walijipanga kando ya ukuta wakaanza kuteta habari za mvua. Watalii waliwapiga picha wakidhani ni wafanyakazi. Bwana mmoja Mjerumani aliwaomba wasogee kidogo ili merikebu ionekane vizuri, nao wakasogea.

Trini alimtambua baba yake kwa masikio, maana yalikuwa masikio yake mwenyewe. Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na yeye alikuwa anakaribia themanini. Cayetano alitaka kumwamkia kwa adabu kama mtu mzima, kisha akakumbuka kwamba huyu ndiye yule aliyemwacha tumboni.

"Kaa, mwanangu," alisema, akampa kiti, yeye akachuchumaa.

Waliongea habari za magoti, za mtini wa uani, za nani kaoa nani. Kisha Cayetano akainamisha kichwa.

"Mimi nakujua siku nyingi. Ulikuwa unamletea Gaspar dengu mchana. Ukikaa juu ya mchanga kumngoja amalize kula. Ukinikalia mimi."

Trini alilia pale pale, mbele za watu, wala hakujifuta. Hakuwahi kuambiwa baba yake aliuawa wapi, na maisha yake yote alikuwa hajui aweke wapi maua. Akamkasirikia Gaspar kwa hasira ya kweli, halafu akaona hasira ya kumkasirikia marehemu asiyetoka kujibu haimfikishi popote. Alichotaka ni kimoja tu: amlaze baba yake kando ya mama yake, kule makaburini ambako wafu wa Alcorín hulazwa kwa ghorofa, kila mmoja nyuma ya bamba lake, na nafasi yake ilikuwa imeachwa wazi.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisini kwa doña Casilda, mpwa wa mfamasia na msimamizi wa ngome. Doña Casilda alimkaribisha kahawa na mkate wa mafuta ya zeituni. Alimweleza kwamba ngome sasa ni turathi, haibanduliwi hata jiwe moja. Ndipo Trini akauliza kuhusu lile kaburi la marumaru chini ya mnara mkubwa, tupu tangu lijengwe, linalowashiwa taa mchana na usiku.

"Lile ni la Kolombo," alisema doña Casilda. "Siku wakituletea."

"Yule ana kaburi Seville, na ng'ambo ya bahari wanasema analo kwao, na hapa mnamwekea jingine. Baba yangu hana hata moja."

Doña Casilda alisikitika, macho yakamlowa kabisa. Lakini nafasi ilikuwa imeshawekwa kwa ajili ya Kolombo. Akaagiza watu wa ukutani wapewe kofia, kwa sababu ya jua.

Basi Trini akaenda makaburini, akagonga bamba la mama yake na kumweleza yaliyopo. Bi Brígida alitoka na nguo zake nyeusi, akakung'uta aproni, akadai kiti. Walipanda hadi ngomeni wameshikana mikono. Nicasio alipowaona alijikuna kichwa. Wa ukutani hawalipi, alisema, maana wao ni sehemu ya jengo, lakini bi Brígida ni mgeni, na leo si Jumatano. Trini akalipa.

Cayetano alisimama akavua kofia. Bi Brígida, aliyekufa ajuza, alimpangusa saruji begani kama mtu aliyerudi kazini, akamuuliza kama amekula. Wakakaa bega kwa bega wameegemea ukuta. Trini alijitenga kidogo na kujipepea. Alikuwa na furaha iliyomuuma kifuani.

Kengele ya kufunga ilipolia, bi Brígida aliuliza kama anaweza kuingia ukutani na mumewe. Nicasio alipiga simu ofisini. Jibu likaja kwamba hakitolewi kitu wala hakiingizwi kitu. Cayetano akabeba kiti chake akaingia, na wanawake wawili wakashuka kilima polepole.

Makaburini, bi Brígida aliingia mahali pake, akalala upande wa ukutani, akatengeneza sketi. Trini akaanza kulirudisha bamba.

"Usilisukume mpaka mwisho, mwanangu," mama yake akamwambia. "Baba yako huwa anachelewa kurudi."