Dubu wa Kabaila Hugo

Leopold Strachwald aliuza matairi mjini Olomouc, nchini Cheki, lakini moyoni alikuwa kabaila. Jumba la kuwindia la ukoo wake, kule kwenye misitu ya Jeseník, Wakomunisti walilitaifisha kabla hajazaliwa, na sasa lilikuwa makumbusho. Jumamosi moja akavaa koti la kijani lenye vifungo vya pembe, akaenda kujionyesha.

Mlangoni hakuna aliyemwinamia. Alipewa malapa ya sufu ayavae juu ya viatu, asije akakwaruza sakafu ya babu yake mwenyewe, kisha akachanganywa na kundi la wastaafu waliokuja kwa basi.

Bi Radmila, mkuu wa makumbusho, ndiye aliyewatembeza. Pembe za kulungu zilijaa ukutani hadi darini. Katika chumba cha mwisho alisimama dubu aliyekaushwa, mdomo wazi.

"Huyu," alisema Bi Radmila kwa sauti ya kanisani, "Kabaila Hugo alimuua kwa kisu, uso kwa uso."

Wastaafu wakaguna kwa mshangao. Leopold akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyegeuka.

"Kisu gani, bibi wee!" yakamtoka. "Dubu huyo alinunuliwa kwenye sarakasi! Kizee, kibogoyo, kazi yake kuendesha baiskeli. Walimfunga kwenye mti, na bado babu akamkosa kwa bunduki mara mbili. Mlinzi wa msitu ndiye aliyemmaliza."

Sasa wote walimtazama, naye akatunisha kifua.

"We baba, koma!" Bi Radmila akafoka. "Watu kama wewe ndio mliowadhulumu hawa waungwana. Unamtukana marehemu ndani ya nyumba yake?"

"Lakini mimi ni mjukuu wake!"

"Na mimi ni binti mfalme," alidakia bibi mmoja mwenye mkoba. "Kabaila gani ana kitambi cha bia namna hiyo?"

Wakaangua kicheko. Mlinzi wa makumbusho akamshika Leopold mkono, akamtoa nje, akamvua malapa kama anayemvua mtoto.

Leopold alivuka barabara akaingia baa, masikio yakimwaka moto.

"Umemwona yule dubu?" mhudumu alimuuliza.

Leopold akanyoosha koti lake la kijani.

"Babu yangu ndiye aliyemuua," akasema. "Kwa kisu. Uso kwa uso."

"Weee!" Dada wa watu akamletea bia ambayo hakuiagiza. Leopold akainywa taratibu, akafuta povu mdomoni, akaanza kumsimulia habari za simba.