Aliyesimama Mbele ya Kihenge

"Nitazame mimi," Nikolaus alisema, akaniinua kidevu kwa fimbo. "Wangwe yuko wapi?"

Mume wangu alikuwa amejificha ndani ya kihenge cha mtama, nyuma ya mgambo huyo. Juzi yake mgambo huyo na wenzake walikuja kutuhamishia kijiji cha ujamaa, naye akamvunja mmoja wao mkono kwa rungu. Wangempata, asingefika mahakamani akiwa mzima.

Ulimi niliuweza. "Amevuka kwenda Kenya," nilisema. Lakini Nikolaus hakujali ulimi. Alikuwa mwindaji, mtu wa kuja, na alijua jicho huondoka kabla mwenyewe hajaamua. "Yuko zizini? Jikoni? Kwenye kihenge?" aliuliza taratibu, amenikodolea. Nikayahisi macho yangu yanavutwa kule, kama ng'ombe aliyenusa maji. Sijui ni nani humo kichwani anayeyaamuru. Mimi nilikataa, yenyewe yakaanza safari. Nilimchukia yule mtu, nikayachukia na macho yangu.

Hapo baba mkwe wangu, mzee Machage, akapita katikati ya mgambo pasipo salamu, akaenda kusimama mbele ya kihenge.

Tulikuwa hatupendani. Alinipinga tangu posa, akisema ukoo wetu ni wa wavivu. Lakini kwetu Wakurya mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, tupendane tusipendane. Kwa miaka yote ile shingo yangu ilikwisha kuzoea, ikageuka kabla sijatambua kuwa ni yeye. Macho yalimfikia Machage, yakakimbia, yakaangukia nyumba yangu.

Nikolaus, ambaye hakuijua heshima hiyo, akacheka. "Macho yako yamesema. Yumo ndani ya nyumba."

Hawakupekua hata kidogo. Walilitia moto paa la nyasi, wakangoja atoke mbio. Hakutoka mtu. Paa lilipoporomoka waliamini kweli amevuka mpaka, wakaondoka wakitutukana.

Wangwe alitoka kihengeni na vumbi la mtama usoni, akaona moto, akanijia ameinua mkono.

"Umewaonyesha nyumba yangu?"

"Mwache," Machage alisema, akiwa ametupa mgongo. "Nyumba hujengwa."

Wangwe alishusha mkono. Hakuniomba radhi, si siku ile wala baadaye, na mpaka nazeeka hivi sijamsamehe. Baba yake alipofariki, mimi ndiye niliyelia mpaka wanawake wenzangu wakanishangaa.