Fimbo ya Mkono wa Kushoto

Fanfare ya kanisa pale Kamina, bendi ya ngoma na tarumbeta, ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: fimbo ya tambour-major, kiongozi anayeirusha hewani mbele ya bendi, ikigusa ardhi, ngoma zinanyamaza, watu wanarudi nyumbani, na aliyeiangusha haishiki tena maisha yake yote. Papa Mathieu aliirusha kwa miaka ishirini na haikuonja vumbi. Kisha mkono wake wa kulia ukabanwa kati ya mabehewa mawili ukafa, na binti yake Clotilde, mwalimu wa darasa la tatu, akasema fimbo ataishika yeye.

Watu walicheka. Wacha wacheke! Clotilde alianza na mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, nyuma ya jiko, kila siku akitoka shule. Mchi ulimpiga paji la uso, ukamng'oa ukucha, ukaua kifaranga cha jirani. Baba yake alimwonyesha kwa mkono uliobaki, naye akaiga alichokiona. Baada ya miezi mitatu mchi uliteleza vidoleni mwake kama umepakwa mafuta. Vidole vya kushoto, lakini.

"Hapana kuangalia yulu," Papa Mathieu alimkumbusha kila alipoinua macho juu, mpaka akachoka. "Fimbo inajua njia yake. Weye hesabu hatua. Moja unatupa, ine unakamata."

Mzee Gamaliel, mkuu wa baraza la kanisa, alipomwona alishika kichwa. Kwao mtu hatoi wala hapokei kwa kushoto; ni tusi.

"Mama Clotilde, mukono ya kushoto njo itaongoza bantu ya Mungu?"

"Papa Gamaliel, njo mukono papa yangu alibakia nayo."

Mzee akampa Jumapili ya Matawi ya mwaka ule wa tisini na tisa, hiyo moja tu. Ikianguka, fimbo itafungiwa kabatini.

Siku ikafika. Vita vilikuwa vimewachosha watu, na njia ya stesheni ilijaa waliotaka kusikia ngoma badala ya habari. Clotilde, ndani ya koti jeupe la baba yake, akairusha fimbo juu kabisa. Papo hapo ndege ya jeshi ikapita chini sana kuelekea Base, kambi ya ndege za jeshi. Njia nzima ikalala kifudifudi, wapiga tarumbeta kwa wazee wa kanisa.

Clotilde hakuiona ndege. Macho yake yalikuwa barabarani, kama alivyofundishwa. Alisikia kishindo, ngoma zikakatika. Hesabu ikabaki yake peke yake. Akakanyaga kwa nguvu, akapaza sauti: "Mbili! Tatu!" Kwenye ine, hatua ya nne, akanyoosha kushoto, na fimbo ikatua kiganjani, pa!

Peke yake alikuwa wima. Akaendelea kuizungusha. Lumbu, mpiga ngoma kubwa, akajiinua, akapiga, wenzake wakafuata. Vigelegele vikapasuka, wanawake wakatandika vitenge mbele yake. Mzee Gamaliel hakuwa na kitenge. Akavua koti lake la Jumapili, na vumbi lake kifuani, akalitandika.

Papa Mathieu alikuwa kando ya njia kwenye kiti chake, analia bila aibu. Clotilde akasimama mbele yake, akapiga magoti, akamnyooshea fimbo kwa mkono wa kushoto. Baba akaipokea kwa wa kushoto. Kanisa zima lilitazama, na hakuna aliyeguna.